Acheni kumwambia anayeanza anunue reki

Haya wasomaji, leo naweka kando habari za hifadhidata na misimbo. Leo nataka kugombana. Nagombana na ushauri mmoja ambao umeenea duniani kote na sasa umefika hapa Nairobi pia: kwamba mtu anayetaka kujenga sinthesaiza ya moduli aanze kwa kununua. Anunue reki, anunue umeme wa reki, anunue moduli tatu nne zilizo tayari, halafu "akishazoea" ndipo ashike pasi ya kulehemu. Mimi nasema ushauri huo ni mbaya, ni ghali, na kwa mtu wa mfuko wa kawaida ni njia ya adabu ya kumwambia arudi nyumbani.

Kwa wale ambao jambo hili ni geni, maelezo mafupi. Sinthesaiza ya moduli ni chombo cha muziki kilichokatwa vipande. Kipande kimoja, oskileta, kinatoa wimbi la sauti. Kingine, filta, kinapunguza ukali wake. Cha tatu kinapandisha na kushusha sauti. Wewe mwenyewe unaviunganisha kwa waya unavyotaka, na kinachopita ndani ya waya ni volti tu. Mawazo haya yalianza Marekani miaka ya 1960, Robert Moog upande mmoja na Don Buchla upande mwingine. Mwaka 1995 Mjerumani Dieter Doepfer akatoa mfumo wake wa A-100, na vipimo vyake ndivyo vilivyozaa kile kinachoitwa Eurorack: paneli ya urefu wa milimita 128.5, umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi, jeki ndogo za milimita 3.5. Watengenezaji wengi sana wamefuata vipimo hivyo, na moduli ya huyu inaongea na ya yule bila ugomvi. Hilo ni jambo zuri, silipingi. Sisi watu wa programu tunajua thamani ya kiwango kimoja kinachofuatwa na wote.

Lakini kiwango cha kuunganisha vitu ni kitu kimoja, na lango la kuingilia ni kitu kingine. Watu wamevichanganya.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo uongo unapoanzia. Moduli moja iliyo tayari mara nyingi hupita dola 100, na nyingi hupita 200. Moduli moja haifanyi kitu peke yake. Unahitaji chache, na kasha, na umeme. Ongeza nauli ya ndege ya mzigo, halafu mzigo ufike hapa ukutane na ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi na anayetengeneza midundo kwenye simu, hesabu hiyo imeshamfukuza kabla hajasikia hata mlio mmoja. Halafu tunashangaa kwa nini ala hizi zinaonekana kama mchezo wa wazee wa Ulaya wenye mishahara mizuri!

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi ya bei. Ndani ya baadhi ya moduli hizo hamna kitu. Kuna moduli inaitwa "multiple", kazi yake ni kugawa volti moja kwenda sehemu kadhaa. Ile ya kawaida kabisa ni jeki nne zilizounganishwa kwa waya nyuma ya bati. Hakuna chipu, hakuna umeme, hakuna siri. Nyingine ni ya kupunguza volti: ndani kuna potenshiometa, ile nobu ya kuzungusha ambayo kila redio inayo. Anayeanza akinunua vitu hivi, hajanunua teknolojia. Amenunua bati lililochorwa vizuri. Na kwa sababu aliuziwa, ataendelea kuamini kwamba ndani mna kitu asichokiweza.

Basi aanzie wapi? Aanzie kwenye chipu moja, CD40106.

Hii ni chipu ya miguu 14 yenye vigeuzi sita ndani yake. Kigeuzi kazi yake ni kukataa: ukiipa volti ya juu inatoa ya chini, ukiipa ya chini inatoa ya juu. Ila vigeuzi hivi vina ukaidi kidogo. Havibadili msimamo mpaka volti ivuke kiwango fulani kwenda juu, na havirudi mpaka ishuke chini ya kiwango kingine. Sasa chukua rezista moja, itoe kwenye mguu wa kutokea uirudishe kwenye mguu wa kuingilia. Chukua kapasita moja, itoe kwenye mguu wa kuingilia uipeleke ardhini. Kapasita inajaa polepole kupitia rezista, kigeuzi kinageuka, kapasita inaanza kumwaga, kigeuzi kinageuka tena. Milele. Hiyo ndiyo oskileta. Vipande vitatu na betri ya volti 9.

Ukiweka kapasita ya nanofaradi 100, rezista ya kilo-ohm 10 na potenshiometa ya mega-ohm moja kwa mfuatano, unazungusha kutoka takriban Hz 10, ambapo unasikia tik-tik-tik, hadi zaidi ya Hz 1,000, ambapo ni mluzi. Badilisha kapasita uweke ya maikrofaradi 10, na sasa ni saa ya kuendesha mdundo, inageuka polepole mpaka sekunde kadhaa kwa mzunguko mmoja. Na kumbuka ndani ya chipu kuna vigeuzi sita. Maana yake oskileta sita kwa chipu moja ambayo kwa kawaida hapa mjini bei yake haifiki sahani ya chipsi.

Mambo machache ya usalama ili usije ukanilaumu. Umeme unaingia mguu wa 14, ardhi ni mguu wa 7. Miguu ya kuingilia ya vigeuzi usivyovitumia ipeleke ardhini, usiiache ikining'inia. Wimbi linalotoka ni la volti 9, hilo ni kubwa mno kwa spika ya mezani au tarakilishi. Lipitishe kwanza kwenye rezista ya kilo-ohm 100, halafu nyingine ya kilo-ohm 10 kwenda ardhini, uchukue sauti katikati yake kupitia kapasita. Unabaki na chini ya volti moja, na hiyo inatosha. Tena usikubali muuzaji akupe 74HC14 akisema ni ile ile. Inafanya kazi ile ile, ndiyo, lakini mwisho wake ni volti 6. Ukiipa 9 unaichoma.

Hakuna jipya katika haya. Nicolas Collins aliyaweka kwenye kitabu chake Handmade Electronic Music tangu 2006, na michoro ya marehemu Ray Wilson aliyefariki 2016 ilikuwa wazi kwa kila mtu kwenye tovuti yake ya Music From Outer Space. Maarifa yamekuwepo. Kilichopotea ni watu wa kumwambia anayeanza kwamba maarifa hayo yanamtosha.

Sasa nije kwa kundi la pili ninalogombana nalo: wale wanaokubali kwamba ujenge mwenyewe, halafu wanakutuma moja kwa moja kwenye VCO, yaani oskileta inayoongozwa na volti, tena ile inayofuata kanuni ya volti moja kwa kila oktavu. Jamani, huko ni kumpa mwanafunzi wa udereva lori la Malaba siku ya kwanza.

Angalieni hesabu. Volti moja ikigawanywa kwa semitoni 12, kila semitoni ni milivolti 83. Hiyo unaweza kuivumilia. Lakini ndani ya oskileta, kazi ya kubadili volti kuwa masafa inafanywa na transista, na transista inaongeza mkondo wake maradufu kwa kila milivolti 18 hivi kwenye joto la kawaida la chumba. Maana yake semitoni moja sasa ni milivolti moja na nusu. Na hizo 18 zenyewe zinabadilika na joto, takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja. Ukiwa oktavu tatu juu ya kiini, nyuzi 5 zinatosha kukupoteza zaidi ya nusu semitoni. Nairobi asubuhi na Nairobi saa nane mchana zinaweza kutofautiana kwa nyuzi 10! Ndiyo maana VCO nzuri zina transista zilizolinganishwa mbili mbili na rezista maalumu za kufidia joto. Vitu hivyo havipatikani kwenye kila duka, na kuvirekebisha kunataka subira ya mzee. Mwanafunzi akishindwa hapo atasema, "elektroniki si yangu." Si kweli. Alipewa mtihani wa mwisho kabla ya somo la kwanza.

Na kwani kila muziki unataka ngazi ya piano? Mpiga nyatiti ana nyuzi 8 na anazitega kwa sikio lake, kulingana na sauti yake na wimbo wake. Kayamba haijui oktavu ni nini na harusi za Pwani zinachezeka. Oskileta sita za 40106 zilizotegwa kwa sikio ni ala kamili. Kanuni ya volti moja kwa oktavu ni chombo kizuri cha kazi fulani. Msiigeuze kuwa hati ya kusafiria.

Mpangilio wangu mimi ni huu. Kwanza 40106 kwenye bredibodi, ile bodi nyeupe ya matundu isiyohitaji kulehemu. Pili, kichanganya sauti kwa chipu moja ya TL072, ambayo ina vikuzaji viwili ndani: cha kwanza kinajumlisha, cha pili kinarudisha wimbi lililopinduliwa. Ukikielewa hicho umeelewa sehemu kubwa ya elektroniki ya sauti, maana mchoro huo utakutana nao kila mahali. Tatu, filta rahisi ya rezista na kapasita. Kilo-ohm 10 na nanofaradi 100 inaanza kukata karibu na Hz 159, na unaweza kuikokotoa kwenye karatasi. Nne, kiongoza sauti cha taa: LED moja na rezista inayohisi mwanga, zifunge pamoja ndani ya mrija mweusi usiopitisha mwanga. Volti inawasha taa, taa inafungua sauti. Usicheke, Buchla mwenyewe alitumia wazo hilo la taa na rezista kwenye vifaa vyake. Baada ya hapo ndipo uende kwenye LM13700, na VCO iwe ya mwisho.

Umeme? Betri ya 9 kwa hatua ya kwanza. Ukifika kwenye TL072 unataka chanya na hasi: betri mbili za 9, unganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine, hapo katikati ndipo ardhi yako. Baadaye fanya vivyo hivyo kwa adapta mbili za volti 12 DC zenye plagi ya miguu miwili, ambazo upande wa volti 12 haujafungwa na ardhi ya ukutani. Pima kwa mita kabla hujaunganisha chochote. Na usiguse transfoma ya umeme wa ukutani mpaka uwe na mtu anayejua amesimama karibu nawe. Hiyo ni volti 240, na haina mchezo wala msamaha.

Najua majibu yatakayokuja, acha niyajibu mapema.

Wa kwanza atasema: "Lakini haitaingia kwenye Eurorack." Kweli, na sioni tatizo. Sam Battle wa Uingereza, yule wa Look Mum No Computer, anajenga kwa vipimo vyake vya Kosmo, paneli za sentimita 20 na jeki kubwa za milimita 6.35. Kwetu jeki hiyo kubwa ina faida ya ziada: ndiyo ya magitaa na vikuzaji sauti, kwa hiyo duka lolote linalohudumia makanisa na bendi linayo, na waya zake unazikuta tayari. Paneli kubwa pia inasamehe mkono unaotetemeka. Ikiwa siku moja utataka kuzungumza na Eurorack, ni suala la waya wa kubadilisha jeki na kupima volti zako. Volti haijui urefu wa bati.

Wa pili atasema: "Kuna vifurushi, unanunua bodi na vipande vyote, unalehemu, kwisha." Vifurushi vingi vinafundisha kulehemu kwa namba. Rezista R12 iende kwenye tundu R12. Ukimaliza una moduli, lakini ukiulizwa R12 inafanya nini unakodoa macho. Nitakuwa mwaminifu: vipo vizuri. Vile ambavyo Moritz Klein na Erica Synths walianza kutoa mwaka 2021 vinakuja na kijitabu kinachokuanzisha kwenye bredibodi, sehemu moja moja, na kukueleza sababu. Hicho ni kifurushi cha mwalimu. Lakini bado kinavuka forodha.

Wa tatu, huyu ni ndugu yangu wa programu, atasema: "Kwa nini uhangaike na vyuma? Kuna VCV Rack." Ipo tangu 2017, ile ya kawaida ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ni nzuri mno. Ikiwa unataka muziki tu, itumie, na mtu asikudharau. Mimi mwenyewe ningempa kila anayeanza aizoee wiki mbili ajue waya gani unakwenda wapi. Lakini ndani yake kapasita haijai na chipu haiungui. Inakufundisha kuunganisha, haikufundishi kutengeneza.

Na hapo ndipo ugomvi wangu halisi ulipo. Mimi nina shahada ya sayansi ya tarakilishi. Tulichora vigeuzi na milango ya mantiki kwenye karatasi muhula mzima, tukafanya mtihani, tukapita. Hakuna aliyetuwekea chipu mkononi. Tuko wengi tunaoandika programu za benki lakini hatujui kwa nini chaja imepata moto. Wakati huo huo, Luthuli kuna mafundi wanaofungua kikuzaji kilichokufa na kukirudisha uhai kwa mita moja na pasi moja, bila mchoro. Sisi tuna nadharia na wao wana mikono, na hatuketi meza moja. Oskileta ya vipande vitatu ni meza ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua. Fundi atakuuzia potenshiometa, jeki na nobu kutoka redio iliyokufa, na fundi wa jua kali atakukatia bati la paneli. Wewe utamwonyesha jinsi ya kukokotoa masafa kabla ya kuchomeka.

Halafu sisi wa programu tuna faida moja ambayo wazee wa analogia hawakuwa nayo. Yale mateso ya joto na milivolti 18 yanaisha ukiyahamishia kwenye msimbo. Raspberry Pi Pico ilitoka 2021 kwa dola 4. Soma volti, angalia jedwali, toa wimbi. Kumbuka tu kwamba miguu yake inavumilia volti 3.3, kwa hiyo punguza kinachoingia. Na ukitaka kuona msimbo wa daraja la juu, Émilie Gillet wa Mutable Instruments alifunga kampuni yake 2022, lakini michoro na misimbo ya moduli zake kama Plaits na Rings iko wazi mpaka leo, kwa leseni zinazokuruhusu kusoma, kubadilisha na kujenga, ilimradi usitumie jina la kampuni. Moduli zilizouzwa kwa mamia ya euro, na akili yake unaweza kuisoma ukiwa ndani ya matatu.

Sisemi kujenga ni bure. Pasi, mita, bredibodi na waya wa solda vinagharimu, na ukivijumlisha, mlio wako wa kwanza utakuwa na bei. Lakini vifaa vinabaki. Moduli ya pili inakuta pasi iko mezani, na ya tano inagharimu vipande vyake tu. Anayenunua, moduli yake ya tano ina bei kama ya kwanza.

Nyatiti na orutu havikungojewa vishuke bandarini. Mtu alitafuta mti, ngozi na uzi, akasikiliza, akarekebisha. Hatukuhitaji ruhusa wakati huo. Kwa hiyo mtu akikuuliza aanzie wapi na sinthesaiza, tafadhali usimpe orodha ya vitu vya kununua. Mpe namba ya chipu, thamani ya rezista na thamani ya kapasita. Akitaka reki baadaye, ataifuata akijua ndani ya lile bati mna nini, na akijua pia ni ipi asiilipie hata senti.

Haya, wenye reki njooni tubishane.